Kifyonzatonge: Bidhaa Mpya na Pumzi za Watoto Wetu

Napenda kuwaeleza ndugu zangu wasomaji, khasa akina mama wenye watoto wadogo na vijana wenye kuwatazama wazee wao, jambo lililonipata chuoni mwangu hapa Mji Mkongwe, na safari ya kuulizia bidhaa iliyofuatia jambo hilo. Sikuyaandika haya kwa kupenda kujitaja. Nimeyaandika kwa kuwa naona kamati za vyuo na skuli nyingi hivi sasa zinashauriana juu ya bidhaa hii hii, na mfanyabiashara aliyenijia mimi bila ya shaka atawajia na wao.

Ilikuwa msimu wa shokishoki. Wasomaji wetu wa mbali ambao hawajaliona tunda hili na wafahamu kwamba ni tunda dogo lenye ganda jekundu la manyoyamanyoya, na ndani yake mna nyama nyeupe yenye maji iliyoshika kokwa. Ukilimenya na kulitia zima mdomoni, huwa la duara na lenye utelezi kama gololi iliyopakwa mafuta. Watoto walikuwa wamekwisha kusoma, wanangojea adhana ya Magharibi, na mmoja wao alileta shada la shokishoki kutoka kwao shamba. Mtoto wa miaka sita alikuwa akicheka na tunda mdomoni, na mara kicheko kikakatika. Hakukohoa. Hakulia. Alisimama ameishika shingo yake kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi.

Sasa nitalieleza kosa langu, maana bila ya kulieleza khabari hii haina faida. Nilimkamata mtoto yule, nikamfungua kinywa, nikatia kidole changu kooni nikitaka kuling'oa tunda. Nililigusa kwa ncha ya kidole, nalo likateleza likenda chini zaidi. Mtu mmoja akapiga ukelele, "Mpeni maji!" Kikombe kikaletwa, na kama nisingalizuiwa ningalimnywesha. Aliyenizuia ni mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake, ambaye katika ujana wake aliwahi kufunzwa huduma ya kwanza. Alisema, "Maalim, niachie mimi." Akamwinamisha mtoto mbele juu ya paja lake, akampiga kwa kitako cha kiganja baina ya mafupa ya mabega, moja, mbili, tatu, nne, na katika pigo la nne tunda likaanguka juu ya mkeka. Mtoto akavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaisahau, kisha akalia, na sisi sote tukakifurahia kilio kile.

Miaka zaidi ya 30 nimesomesha watoto wa watu, na nilikuwa sijui jambo linalofanywa katika dakika ile.

Lugha yetu ya Kiswahili inatupa maneno mawili hapa, na ni vyema tuyatenganishe. Mtu akinywa maji kwa haraka yakaingia njia ya pumzi, husemwa kuwa amepaliwa. Atakohoa, macho yatamtoka machozi, kisha atapoa. Lakini aliyekwamwa na kitu hata pumzi ikamziba, huyo amesakamwa. Aliyepaliwa anakohoa, na kikohozi chake ndiyo dawa yake; haifai kumpiga mgongo wala kumnywesha, bali aachwe akohoe kwa nguvu huku akiangaliwa. Aliyesakamwa hana kikohozi, hana sauti, hana pumzi. Njia ya chakula na njia ya hewa zimepakana kooni, na pana kifuniko kidogo ambacho kila tunapomeza huifunika njia ya hewa ili tonge lipite upande wake. Anayecheka, anayesema au anayekimbia na chakula kinywani humkuta kifuniko hicho wazi. Ubongo ukikosa hewa dakika nne hadi sita huanza kuharibika. Kutoka Nungwi mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa kilomita karibu 60. Na hapa mjini kwetu, gari la wagonjwa haliwezi kuingia katika vichochoro vya Kiponda wala vya Sokomuhogo, hata likija upesi namna gani. Kwa hiyo mwenye kumwokoa aliyesakamwa ni yule aliyekaa karibu naye kwenye sinia.

Wanavyuoni wetu hawakulidharau jambo hili. Katika vitabu vya fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, na miongoni mwavyo ni Minhaj ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), imo mas'ala ya mtu aliyekwamwa na tonge naye hana kitu cha kuliteremshia isipokuwa ulevi. Hukumu yake ni kwamba ataliteremsha kwa ulevi huo, maadamu hakupata kingine. Tazama basi, ndugu msomaji: kitu kilicho haramu kwa kauli moja kimefunguliwa mlango kwa ajili ya tonge moja, kwa sababu nafsi ya binaadamu ina thamani kubwa. Walakini isifahamike vibaya. Hiyo ni hukumu ya halali na haramu, wala si maelezo ya tiba. Madaktari wa leo wanatwambia kuwa aliyezibwa njia ya pumzi kabisa hanyweshwi kitu chochote, maana hakipiti, na huenda kikamzidishia.

Baada ya tukio lile kamati ya wazee ilikutana. Baba mmoja akatoa simu yake, akatuonyesha picha za sinema za kifaa ambacho mtu hubandikwa usoni, kikasukumwa na kuvutwa, na kipande cha chakula kikatoka. Wazee wakashangaa. Papo hapo ikaamuliwa kwamba katika fedha zilizochangwa kwa ajili ya chuo, ambazo zilikusudiwa kuezekea ukumbi wa nyuma unaovuja, zitolewe za kununulia kifaa hicho. Na mimi nikapewa kazi ya kuulizia bei yake, kinakotoka, na kama kinafaa.

Kwa kuwa sijaona kama kimekwisha kupewa jina katika lugha yetu, mimi nimekiita kifyonzatonge. Umbo lake si la kutatanisha. Kuna barakoa ya plastiki laini inayofunika pua na mdomo, na juu yake pameungwa kitu mfano wa mvukuto wa mhunzi. Ukiusukuma mvukuto kuelekea usoni, hewa hutokea pembeni kwa kupitia kilango kinachofunguka upande mmoja tu, isiingie kwa mgonjwa. Na ukiuvuta kwa nguvu, kilango hujifunga, hewa iliyomo kooni ikafyonzwa juu, na kilichokwama kikatarajiwa kufuata. Kipo cha namna nyengine chenye bomba na pistoni kama sindano kubwa, na kijiti cha kukandamizia ulimi. Kile kinachojulikana zaidi huitwa LifeVac, na mvumbuzi wake, Arthur Lih wa New York, amesimulia kwamba alianza kukifikiria baada ya kusikia khabari ya mtoto aliyekufa kwa kusakamwa na zabibu. Niliposoma hayo nilikumbuka shokishoki yetu, maana zabibu na shokishoki ni ndugu katika utelezi.

Ama kuhusu kufaa kwake, hapa nataka msomaji aende nami taratibu, kwa kuwa watu wengi hulipita jambo hili mbio na kwenda kwenye bei. Mwaka 1974 daktari wa Kimarekani, Henry Heimlich, alitangaza njia ya kumkumbatia aliyesakamwa kwa nyuma na kumbana tumbo kwa ngumi, kwa ndani na kwa juu, ili hewa iliyobakia mapafuni ilisukume tonge. Njia hiyo ikaenea duniani. Yeye mwenyewe aliyapinga sana mapigo ya mgongoni. Lakini mwaka 2006 Msalaba Mwekundu wa Marekani uliyarudisha mapigo hayo, matano ya mgongo kisha mabano matano ya tumbo. Na mwaka 2025 Jumuiya ya Moyo ya Marekani nayo ikafuata mpango huo huo kwa watu wazima na watoto. Basi yule mama aliyeninyang'anya mtoto mikononi alikuwa kwenye njia ya sawa, wala hakuwa na kifaa ila kiganja chake.

Kifyonzatonge kimekuja nyuma ya elimu hii. Mwaka 2020 baraza la kimataifa la wataalamu wa kuhuisha watu lilipendekeza kwamba vifaa vya kufyonza visitumiwe kwa kawaida, kwa sababu ushahidi wake ni mdogo na dhaifu: sehemu kubwa ni majaribio juu ya masanamu na juu ya maiti, na khabari za walionusurika zilizokusanywa na watengenezaji wenyewe. Mwezi wa Aprili 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwatangazia wananchi wake waanze na njia zilizokwisha kuthibitika, na ikataja kwamba imepokea khabari za vifaa hivyo kushindwa kulitoa tonge, na za michubuko usoni, midomoni na kooni. Wakati huo mamlaka hiyo ilikuwa haijakiidhinisha hata kimoja. Anayenunua leo na aulize hali ilivyo leo, asiseme kwa khabari ya mwaka jana.

Je, maana yake ni kwamba kifaa hiki ni uongo? La. Zipo khabari za watu waliookoka kwacho, na sina sababu ya kuwakadhibisha watu wote hao. Mtu mzima aliyekaa katika kiti cha magurudumu, ambaye huwezi kumzungusha mikono tumboni. Mwenye kuwa peke yake na mzazi mnene asiyeweza kumbeba. Aliyepigwa mapigo na kubanwa na tonge lisitoke. Katika hali hizo mtu angetamani awe nacho karibu. Jambo la khatari ni mtu kuacha mapigo matano yaliyo mkononi mwake akakimbilia chumbani kukitafuta kifaa, akifungue kasha, aunganishe barakoa, na huku dakika zinakwenda. Mimi naona kifaa hiki ni cha pili, na anayekiuza kama ni cha kwanza anafanya makosa, hata akiwa na nia njema.

Yapo na mambo ambayo hakiwezi kabisa. Mwiba wa changu uliochoma kooni hauvutwi nacho, na wala haufai kusukumwa kwa tonge la ugali kama tulivyozoea. Mwenye nao aende hospitali. Mbegu ya ubuyu au njugu iliyokwisha kupita koo ikaingia katika matawi ya pafu haifikiwi nayo vile vile; mtoto wa namna hiyo huweza kuonekana amepoa, kisha akabaki na kikohozi na mluzi kifuani siku kadhaa, na watu wakadhani ni mafua. Huyo ni wa daktari, naye mzazi amwambie daktari waziwazi kwamba alisakamwa siku fulani. Tena barakoa ni lazima igande vizuri usoni. Kwa hiyo mwenye ndevu nyingi, au mzee ambaye mashavu yamebonyea kwa kukosa meno, huenda hewa ikavuja pembeni na nguvu ya kufyonza ikapotea. Na LifeVac yenyewe, kwa maelezo ya watengenezaji wake, si ya mtoto mwenye uzito chini ya ratili 22, yaani kilo 10. Basi mtoto mchanga, ambaye ndiye wa kuogopewa zaidi, anabaki kwenye mikono ya mama yake.

Sasa twende sokoni. Nilianza na maduka ya dawa ya Darajani na Mkunazini, nikaenda mpaka Mlandege na Michenzani. Siku nilizozunguka sikukiona kifaa hicho juu ya rafu hata moja. Wauzaji wawili walikuwa wamekiona katika simu, na mmoja akanambia, "Maalim, ukikitaka nitakuagizia, lakini sitakuwekea dukani, hakina mwendo." Nikafahamu kwamba hapa kwetu soko lake bado halijaundika. Zanzibar kwa sensa ya mwaka 2022 ina watu 1,889,773, na wengi wao, wakiwa na shilingi ya ziada, wana haja nyingi zilizotangulia hii. Wanunuzi watakaokuja mwanzo, kwa dhana yangu, ni mahoteli ya Kiwengwa, Nungwi na Paje, kwa kuwa wageni wao watakiulizia. Kisha skuli za binafsi za watoto wadogo. Kisha jamaa zetu wa Muscat, Dubai na London, ambao watawanunulia wazee wao na kuwapelekea. Mahali ambapo mimi ningalipenda kukiona mapema ni katika nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, kwa maana mzee aliyepata kiharusi huwa mmezo wake umedhoofika, na wauguzi wa mahali pale ni watu wa kufunzika.

Bei yake ndiyo iliyonikalisha chini. Huko Marekani kasha moja la nyumbani la LifeVac, lenye kifaa, barakoa ya mkubwa, barakoa ya mtoto na barakoa ya kujifunzia, huuzwa kwa dola karibu 70, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi 170,000, kabla ya gharama za kulisafirisha. Na zipo nakala zisizo na jina, zilizotengenezwa China, ambazo huuzwa kwa dola chache tu. Njia zake za kufikia Unguja ni zile zile za bidhaa nyengine: ama mkoba wa msafiri anayetoka Arabuni au Ulaya, ama kwa kuagizwa katika simu, ama kwa kontena la mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou, likashuka Dar es Salaam au bandari ya Malindi, na mzigo mwengine ukapitia Kariakoo kwanza.

Wiki ya pili akanijia mfanyabiashara mmoja kijana, mtoto wa watu wazuri, akiwa na kifaa mfukoni mwa plastiki. Alikitaka shilingi 25,000 kwa kimoja. "Na ukichukua mia moja, Maalim, nitakupa kwa 12,000," akasema, "viuzeni kwa vyuo vyengine kwa 25, na paa lenu mtaliezeka kwa faida yake." Nakiri kwamba neno lile lilinigusa. Nilifanya hesabu usiku ule: faida ya shilingi 13,000 kwa kila kimoja, mara mia moja, ni 1,300,000. Ukumbi wetu unavuja tangu masika mawili yaliyopita.

Asubuhi nilimwita yule mama, tukakitazama kifaa pamoja. Juu ya kasha hapakuwa na jina la mtengenezaji, wala anwani, wala nambari ya fungu, wala tarehe. Palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo hata mimi niliyeishia skuli ya msingi niliona imla yake imekosewa. Akaiweka barakoa juu ya kiganja chake, akausukuma mvukuto. Upepo ukatoka chini, ukampiga kiganjani. Akarudia mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa hivyo. Yaani kile kilango cha upande mmoja, ambacho ndicho roho ya kifaa, ama hakikuwamo ama kilikuwa hakifungi. Lau angalibandikwa nacho mtoto wa shokishoki, kingaliisukuma shokishoki chini kama kilivyofanya kidole changu. Baadaye nikasoma kwamba mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Uingereza nayo imewaonya watu wake juu ya vifaa bandia vya namna hii, kwa sababu hiyo hiyo: vyaweza kushindwa kufyonza, na vyaweza kulisukuma tonge ndani zaidi.

Vijana mnaosoma milango ya biashara mnajua kwamba sheria yetu imempa mnunuzi khiari ya aibu: akiona ila iliyofichika katika kitu alichokinunua, ana haki ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Hiyo ni kinga kubwa kwa mnunuzi wa ng'ombe, wa saa na wa kitambaa. Lakini ifikiri katika bidhaa hii. Kifaa hiki hukaa ukutani miaka miwili, mitatu, hakiguswi. Na siku ya kuonekana aibu yake ndiyo siku ya kufa mtu. Mnunuzi atakirudisha vipi, na amrudishie nani? Kwa ajili hiyo ghishi katika bidhaa kama hii si sawasawa na ghishi ya muuza mchele aliyechanganya chenga, hata kama mizani ya fedha ni moja. Nilimweleza kijana yule hivyo, bila ya kumfokea. Akanijibu kwamba yeye hakukitengeneza, na kwamba na yeye aliuziwa. Naamini alisema kweli. Nikamwambia kwamba tangu leo amekwisha kujua. Alikichukua kifaa chake akaondoka, na sijui alivifanya nini vile vilivyobakia.

Mwenye kutaka kuagiza kwa haki, awe ni kamati au ni duka, njia anayo. Vifaa vya tiba hapa Zanzibar vipo chini ya Wakala wa Chakula na Dawa, na upande wa Bara tangu mwaka 2019 vipo chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Aende akaulize kabla ya kulipa, wala asingojee mzigo uzuiliwe bandarini. Amtake muuzaji stakabadhi inayotaja jina la mtengenezaji, na nambari ya fungu iliyo juu ya kasha ilingane na iliyo juu ya kifaa. Aulize ni saizi ngapi za barakoa zilizomo, na zinadumu muda gani, kwa kuwa plastiki laini ya namna ile katika joto na chumvi ya pwani yetu haikai milele. Nimeona viatu vya mpira vikipasuka kabatini bila ya kuvaliwa. Na jaribio la kiganja alilolifanya yule mama halina gharama. Bei, kwa fikra yangu, itateremka miaka ijayo, kwa kuwa watengenezaji wanazidi. Na bandia zitazidi pamoja nao. Asiye na haraka hatapata khasara kwa kungoja, maadamu mikono yake haingoji.

Nimeitaja mikono, basi niyaeleze kwa ufupi niliyofundishwa, maana huenda gazeti hili likasomwa katika nyumba ambayo haitafikiwa na mwalimu yeyote. Aliyesakamwa, mkubwa au mtoto aliyepita mwaka mmoja, mwinamishe mbele, umpige mapigo matano kwa kitako cha kiganja baina ya mabega, ukitazama kila mara kama kimetoka. Kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na chini ya kidari, ishike kwa mkono wa pili, ubane kwa ndani na kwa juu mara tano. Rudia hivyo kwa zamu, na mtu mwengine aite msaada. Mama mwenye mimba habanwi tumbo, bali hubanwa kidari. Mtoto mchanga asiyetimiza mwaka habanwi tumbo kabisa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ulishike taya lake, umpige matano, kisha mgeuze chali, umbonyeze katikati ya kifua mara tano. Akizimia, mlaze chini na uanze kumbonyeza kifua kama afanyiwavyo aliyesimama moyo. Kidole usikitie kinywani ila unapokiona kitu kwa macho yako. Na aliyebanwa tumbo apelekwe kwa daktari hata akiwa amepoa, maana kubanwa kwaweza kuumiza ndani.

Hayo ni ya baada ya tonge kukwama. Ya kabla yake tumefundishwa tangu utotoni: kukaa unapokula, tonge dogo, kutafuna, kutosema na chakula kinywani. Hata katika tahniki ya mtoto mchanga tende hutafunwa kwanza hata ikalainika, ndipo akapakwa kinywani. Lakini siku ya Sikukuu pale Mnazi Mmoja tunawanunulia watoto peremende ngumu na maputo, tukawaacha wakimbie navyo. Na puto lililopasuka ni katika vitu vibaya mno kooni, kwa kuwa hujibandika. Na mwezi wa Ramadhani, adhana ikilia, hata sisi watu wazima huiparamia tende na pweza kama tunaokimbizwa.

Kamati ilikutana tena. Niliwaeleza yote, pamoja na hesabu ya 1,300,000, maana sikutaka kuwaficha kuwa nilitamani. Mzee mmoja alinuna, akasema tumekataa riziki, wengine wakanyamaza. Mwisho wake tumekubaliana hivi: ndugu wa mzazi mmoja, anayekaa Muscat na anayekuja mwezi ujao, atatununulia kifaa kimoja cha asili kwa stakabadhi, nacho kitatundikwa ukutani mahali ambapo hata mwalimu mfupi atakifikia. Paa litangoja. Na sehemu ya fedha itatumika kuwafunza walimu wote wa chuo, na wazazi wanaotaka, kwa mikono mitupu kwanza.

Mafunzo yataanza Jumamosi baada ya Alasiri, na yule mama ndiye atakayesomesha. Mimi nitakaa mkekani pamoja na wanafunzi. Tunacho kitambaa na pamba za kushona mwanasesere wa kujifunzia mapigo ya mtoto mchanga, lakini fundi wetu amesafiri Pemba, kwa hiyo mwenye mwanasesere mkubwa nyumbani naomba atuazime.